Kapu Moja, Ujiji

Treni ya kutoka Tabora iliingia Kigoma jua likiwa limeshapanda. Nilikuwa na begi la nguo, ndoo ndogo ya asali, na mfuko mmoja wa ile tunayoiita mifuko mbadala, ndani yake mikate miwili na chumvi niliyoinunua dirishani Uvinza kabla hakujapambazuka vizuri. Shangazi alikuwa ananisubiri nje ya lile jengo kubwa la stesheni la tangu enzi ya Mjerumani, kapu la ukili mkononi.

“Shikamoo shangazi.”

“Marahaba, mama. Hamjambo huko? Mzee hajambo?”

Ananiita mama kwa kuwa nimerithi jina la mama yake. Tulipomaliza kujuliana hali, akaihamishia mikate na chumvi kwenye kapu lake, akaukunja ule mfuko mara nne kama akunjavyo leso, akanikabidhi.

“Huu utarudi nao Tabora. Kwangu hakuna pa kuutupa.”

Nililielewa neno hilo nilipofika kwake Ujiji. Nyumba yake imekaa mtelemkoni. Kinachoanguka uani kwake huchukuliwa na mvua hadi kwenye mfereji, na mfereji unaishia ziwani. Upepo ukivuma kutoka ng'ambo, upande wa Kongo, ziwa hurudisha: chupa za maji, kandambili za mguu mmoja, vipande vya nyavu za nailoni. Watoto wa jirani huokota kila asubuhi, na kila asubuhi vingine vipo.

Nilikuwa nimekuja na azma. Nafundisha jiografia, na kwa miaka mingi nimekuwa nikisimama mbele ya wanafunzi kueleza uharibifu wa mazingira, kisha nikirudi nyumbani pipa langu limejaa kuliko la jirani. Nikajiwekea ahadi kwamba wiki hiyo ya kwanza ya Novemba 2024 sitanunua plastiki yoyote mpya, sitakodi gari wala boti ya peke yangu, na nitakula kinachotoka pale pale. Nilidhani jambo gumu litakuwa mifuko.

Watu wa bara huiita Kigoma mwisho wa reli. Reli ya Kati ilifika hapa mwaka 1914, na tangu hapo kila kinachopakiwa Dar es Salaam kikishashushwa hapa hakina tena reli ya kuendelea nayo, mbele ni maji. Siku niliyofika, tulipokuwa tunapanda barabara ya Lumumba chini ya miembe, tukitafuta daladala ya Ujiji, niliwaza kwamba kitu kikifika mwisho wa reli kina mambo matatu tu: kitumike hadi kiishe, kirudi kilikotoka, au kiingie ziwani.

Na kwa habari ya kutumika hadi kuisha, soko la Ujiji halihitaji mafunzo. Mawese yanapimwa na kumiminwa kwenye chupa uliyokuja nayo. Ukija bila chupa, muuzaji atakuuliza kwa mshangao ulitaka kuyabeba na nini. Unga wa muhogo unapimwa kwa kopo na kumwagwa kwenye kapu lililotandikwa kitambaa. Sombe imeshatwangwa, unaichukua kwenye bakuli lako. Marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019 iliikuta sehemu kubwa ya biashara hii ikijiendesha yenyewe. Kilichobaki ni vile vimifuko vyepesi visivyo na mshikio, vinavyofungiwa sukari na karanga, na hivyo ndivyo nilivyoviona vimenasa kwenye matete ufukweni. Kwa siku tatu za kwanza sikuchukua hata kimoja. Ilitosha kunyoosha kapu na kusema, “Mimina humu, mama.” Hakuna aliyenikatalia.

Siku ya pili tulidamka kwenda Kibirizi. Mwezi ulikuwa mchanga, na hiyo kwa Kigoma ina maana kubwa kuliko kalenda. Dagaa huvuliwa gizani kwa taa, kwa kuwa usiku hupanda juu na kuufuata mwanga. Mbalamwezi ikishika anga, wavuvi hupumzika na kushona nyavu. Usiku uliotangulia nilikuwa nimekaa uani nikitazama taa za wavuvi zimejipanga katikati ya ziwa, mtu asiyejua angedhani ni mji. Zamani taa zile zilikuwa karabai. Marehemu mume wa shangazi alikuwa mvuvi, na anachokumbuka zaidi shangazi ni harufu: kila nguo ya mume ilinuka mafuta ya taa, na hesabu ya kila asubuhi ilianza na mafuta kabla ya samaki. Sasa mitumbwi mingi niliyoiona ikiingia ina balbu za betri, na betri nyingi huchajiwa kwa jua. Hakuna aliyewahubiria wavuvi wale. Balbu ilikuwa rahisi kuliko mafuta, basi.

Kibirizi asubuhi ni kelele na magamba. Dagaa wabichi wanang'aa kwenye ndoo kama vipande vya bati, migebuka imelazwa kwa mafungu juu ya mbao, na pembeni maji yamesimama mahali ambapo shangazi anasema palikuwa na vibanda. Ziwa limepanda miaka hii, limekula nyumba na miti. Niliona vigogo vikavu vimesimama majini, mbali na nchi kavu.

Mwaka huo wa 2024 serikali ilikuwa imefunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi 3, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane na kukua. Mama mmoja muuzaji alituambia kwamba miezi hiyo ilimtesa: alikopa, akauza vitumbua, akamtoa mtoto mmoja kwenda kwa bibi yake. Kisha akasema ziwa lilipofunguliwa alipata dagaa wakubwa kuliko alivyozoea. Siwezi kujenga hoja juu ya ndoo moja ya dagaa. Lakini najua hili: ziwa lina kina cha takriban mita 1,470, ni la pili kwa kina duniani baada ya Baikal, na chini ya mita 200 hivi maji yake hayana hewa. Rutuba imelala huko chini, nayo hupandishwa na pepo za kiangazi zinapoyakoroga maji. Maji ya juu yakizidi joto, yanakuwa mepesi na kukaa juu kama mafuta, hayachanganyiki vizuri na ya chini. Mwaka 2003 watafiti walichapisha matokeo yanayoonyesha kwamba jambo hilo limekuwa likitokea hapa, na kwamba chakula cha samaki kimepungua. Yule mama anapambana na joto la dunia ambalo hakulileta yeye. Kumfungia ziwa miezi 3 bila kumpa kitu cha kushika ni kumtwisha mzigo wa wengine, na hilo nitalisema popote, ingawa naamini ziwa lilihitaji kupumzika.

Tulinunua dagaa, tukamimina kwenye kapu juu ya majani ya mgomba. Kesho yake nilipita Katonga, ambako wanawake huanika dagaa. Waliokuwa na vichanja vya wavu walikuwa wakigeuza dagaa safi, wenye rangi ya fedha. Waliokuwa wakianika chini walikuwa wakichekecha mchanga. Wingu likitanda, wa vichanjani hufunikwa kwa dakika moja. Wa mchangani hukusanywa kwa mbio, na wengine huoza.

Sasa moto.

Shangazi ana mtungi mdogo wa gesi, amepewa na mwanawe. Umesimama pembeni mwa jiko umefunikwa kitambaa kilichodariziwa, kama redio ya zamani. Anautumia kwa chai ya alfajiri na kwa mgeni wa ghafla. Chakula chenyewe kinapikwa kwa mkaa. Nilimuuliza kwa nini, naye akanijibu bila kuacha kupepea jiko.

“Mtungi ukiisha ni zaidi ya 20,000 kwa mpigo. Mkaa nanunua kopo la 1,000 leo, kesho nikipata nanunua jingine. Hiyo 20,000 ya mara moja, mama, naitoa wapi?”

Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa miaka 10 wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Nautakia heri kwa moyo wote. Ila jibu la shangazi ndilo mkakati huo unapaswa kulitatua: bei ya mtungi ni kikwazo, na namna ya kuilipa ni kikwazo kikubwa zaidi. Anayeishi kwa kipato cha siku hununua moto wa siku.

Nikaanza kuhesabu. Dagaa wabichi kwa mawese na nyanya chungu waliiva kabla makaa hayajashika vizuri. Akawahi kusonga ugali wa muhogo juu ya moto ule ule. Chakula hicho nakisifu kwa utamu wake, na sasa nakisifu pia kwa uchache wa mkaa wake. Shangazi huwasha jiko kwa makapi ya chikichi, yale yaliyobaki baada ya kukamua mawese. Yana mafuta, yanashika kwa kiberiti kimoja. Kisha zikaja siku za maharage. Maharage yale ya njano yalikaa jikoni tangu saa nne hadi saa nane, kopo moja likaisha, akafungua la pili. Mkaa unaotengenezwa kwa tanuri la udongo hupoteza sehemu kubwa ya mti: kilo 100 za kuni hutoa mkaa wa kilo 10 hadi 20. Nikajiona mimi na kapu langu, nimeshinda siku tatu nikikwepa vimifuko vya karanga, na sufuria moja ya maharage imemaliza mti.

Usiku huo mvua ilinyesha, na asubuhi nikaona sehemu ya pili ya hesabu hiyo. Nilishuka kwa miguu hadi kwenye bustani ya makumbusho ya Livingstone, panapotunzwa miembe inayosemekana kuwa vizazi vya ule ambao chini yake alikutana na Stanley. Stanley aliandika kwamba ilikuwa 10 Novemba 1871. Zilikuwa zimebaki siku chache tarehe hiyo irudi. Kilichonishika pale, zaidi ya wazungu wawili kuvua kofia, ni umbali. Wakati ule maji yalikuwa karibu na pale. Ziwa lilikuwa limejaa, na mwaka 1878 likapasua njia kwa mto Lukuga kuelekea Kongo, likashuka takriban mita 10 katika miaka iliyofuata. Ujiji ya misafara ikaachwa juu. Mimi nilitembea kitambo kizuri, nikapita nyumba, migomba na viwanja vya mpira vya watoto, kabla sijakanyaga maji.

Maji niliyoyakanyaga yalikuwa mekundu. Ziwa hili likitulia unaona mawe chini kana kwamba yapo kwenye glasi, lakini asubuhi ile, kusini mwa Ujiji ambako mto Luiche unaingia, utando wa tope ulikuwa umeenea mbali kuelekea kilindini, na mpaka wake na bluu ulikuwa umechorwa kama kwa rula. Ule ni udongo wa vilima vilivyokatwa miti. Unashuka, unafunika mawe ya ukingoni, na kwenye mawe hayo ndiko wanakotaga na kulea watoto wale samaki wadogo wa rangi ambao wengi wao hawapatikani popote pengine duniani. Chupa ya plastiki ufukweni inaokoteka. Kilima kikishaingia ziwani hakuna mtoto wa jirani atakayekiokota.

Siku ya tano nilipanda boti ya abiria Kibirizi kwenda Mtanga, kijiji kilicho kusini mwa Hifadhi ya Gombe, ambako binamu yangu ameolewa. Ni boti ya mbao yenye injini moja nyuma, inayoondoka adhuhuri na kurudi alfajiri, kwa hiyo lazima ulale. Tulikuwa na magodoro, kreti za soda, kuku waliofungwa miguu, na mzee mmoja aliyekumbatia mlango mpya wa mbao njia nzima. Boti inasimama kila penye mtu wa kushuka, na mlango ule uliteremshwa kwa mikono ya abiria wote. Nimewahi kusafiri kwa boti ya kukodi. Humo huwezi kuyaona haya, na mafuta inayoyala kwa mtu mmoja yangewatosha wale wote.

Kutoka majini vilima vinasomeka kama ukurasa. Gombe ni msitu mzito. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alifika hapo 14 Julai 1960, ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1968, na miaka ya 1990 alipoitazama kutoka angani alikuta imebaki kisiwa cha miti katikati ya vilima vilivyo uchi. Mwaka 1994 ukaanza mradi wa TACARE, ulioanzia kwenye shida za wanavijiji wenyewe: miche, maji, afya, akiba za wanawake. Baadaye vijiji vikatenga misitu yao ya hifadhi juu milimani. Nilitaka kuona kwa macho, na binamu akanionyesha kutoka uani kwake, akinyoosha kidole mahali ambapo alipokuja kama bi harusi palikuwa majani matupu. Pana miti sasa. Si msitu wa Gombe, ni miti myembamba ya miyombo inayochipua kwenye visiki vya zamani. Mizizi ilikuwa hai chini muda wote, ikisubiri kuachwa. Lakini upande mwingine wa bonde niliona shamba jipya la muhogo limepanda hadi karibu na kilele, na moshi.

“Na kuni mnazitoa wapi?” nikamuuliza.

“Tunaokota zilizokauka. Zikiisha karibu, tunakwenda mbali. Wanaume wanaongea habari za msitu kwenye kikao, dada, lakini anayejua msitu umefika wapi ni miguu yetu.”

Nilirudi Ujiji na neno hilo, na nikataka kujaribu kitu nilichowahi kukisoma. Maharage yakishachemka vizuri hayahitaji moto zaidi, yanahitaji joto lisipotee. Ukiiweka sufuria ndani ya kapu lililojazwa vitu vya kuzuia joto, inaendelea kuiva yenyewe. Kapu tulikuwa nalo. Niliyaloweka maharage usiku, asubuhi nikayachemsha dakika kumi, nikaitia sufuria kapuni, nikalifunika kwa kanga mbili. Baada ya muda wa saa nne yalikuwa vuguvugu na magumu. Shangazi hakusema kitu. Aliirudisha sufuria kwenye mkaa, na siku hiyo tukala saa kumi.

Jioni alilichukua kapu, akakaa nalo mapajani, akaligeuza huku na huku. Kisha akatoka uani, akarudi na kifurushi cha majani makavu ya mgomba.

“Joto linatorokea huku chini, mama, na wewe umefunika juu peke yake. Sisi tulikuwa tunaivisha ndizi kwenye majani haya. Yanashika joto hata kwenye shimo.”

Alitandika majani chini na pembeni, akayashindilia kwa ngumi hadi likabaki tundu la ukubwa wa sufuria. Asubuhi alichemsha maharage nusu saa nzima, yakitokota kweli kweli, akabana mfuniko, akaizamisha sufuria bila kuifungua, akaongeza majani juu, kisha blanketi la zamani lililokunjwa mara tatu. Tukaenda kufua. Tulipofungua saa saba na nusu, mvuke ulimpiga shangazi usoni akarudi nyuma. Akachukua punje moja, akaibana kati ya kidole gumba na cha shahada. Ikapondeka. Akaonja ya pili, ya tatu, na kwenye kopo la mkaa akaingiza mkono kupima: zaidi ya nusu ilikuwa bado imo. Mchana huo aliita majirani wawili waje watazame, na sikuweza kueleza chochote kwa sababu alikuwa anaeleza yeye, akianza na majani.

Siku ya kuondoka alinijazia dagaa wakavu kwenye ile ndoo ya asali, iliyooshwa na kuanikwa juani. Mfuko wangu uliokunjwa mara nne ukapata kazi ya kubeba chupa ya mawese. Stesheni niliitazama mikono yake, nikaona kitu hakipo.

“Shangazi, kapu umesahau?”

“Lipo nyumbani, lina maharage.” Akatoa simu kwenye kibwebwe, akatazama saa. “Treni yako ikichelewa, mimi nitakuacha hapa. Saa saba nalifungua.”